Mpaka Aliowekewa Mbu

Wazee wa Dar es Salaam bado wanayajua majina matatu ya mji wao ambayo hayaonekani katika ramani za leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Vijana huyatamka kwa mzaha, na neno Uswahilini limekuwa kama jina la tabia kuliko la mahali. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi siwezi kuyasikia kama mzaha, kwa sababu ndani ya majina hayo mna habari ya utabibu. Mji huu haukugawanywa kwa kiburi cha watawala peke yake. Uligawanywa pia kwa jina la afya, na washauri wa mgawanyo huo walikuwa watu waliosoma, wenye hadubini mezani, ambao wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanaokoa maisha. Swali langu ni hili: maisha ya nani?

Tuanze na mwaka 1897. Mwaka huo Wajerumani, waliokuwa wamehamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walifungua hospitali ya Ocean Road, mahali ambapo upepo wa bahari hupiga moja kwa moja. Hospitali hiyo ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi nao walipata hospitali yao miaka hiyohiyo, lakini haikutokana hasa na hazina ya serikali. Ilitokana na mali ya mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, ambaye alifariki mwaka huohuo wa 1897. Tangu siku za mwanzo, basi, wachache walitibiwa kwa fedha za serikali na walio wengi wakategemea sadaka. Msomaji alishike jambo hilo, maana ndilo shina la yote yanayofuata.

Mwaka 1897 ulikuwa mwaka mkubwa kwa sayansi pia. Mwezi wa Agosti, huko India, daktari Mwingereza Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, naye alifika Dar es Salaam mwaka huohuo akakaa hadi 1898 akichunguza maradhi ya nchi za joto. Kabla ya hapo watu walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Sasa adui alijulikana, ana mabawa na anauma usiku. Hapo likazuka swali la vitendo: tumfanyeje?

Majibu yalikuwa matatu. Ross alisema mbu auawe: madimbwi yafukiwe, mifereji ichimbwe, viluwiluwi vimwagiwe mafuta. Koch alisema vimelea viuawe ndani ya damu ya binadamu: watu wote wapimwe, na mwenye ugonjwa apewe kwinini mpaka apone. Jibu la tatu lilitoka Afrika Magharibi mwaka 1900, kwa madaktari wawili Waingereza, Stephens na Christophers. Hao walichunguza damu ya watoto wa Kiafrika wakakuta wengi wana vimelea bila kuonekana wagonjwa. Wakahitimisha kwamba hatari kubwa ya Mzungu ni kuishi karibu na watoto hao. Basi na ahame, akae mbali nao.

Ningependa msomaji ayapime majibu hayo kama tunavyopima hesabu. Ukifukia dimbwi, mbu hupungua kwa kila anayeishi karibu nalo, awe tajiri au maskini, mweupe au mweusi. Ukigawa kwinini kwa wote, faida inawafikia wote walioimeza. Ukimhamisha mtu mmoja ukamwacha mwingine na mbu wake, faida ni ya yule aliyehama tu. Kati ya dawa tatu, moja peke yake ilikuwa na rangi ya ngozi ndani yake. Na hiyo ndiyo iliyopendwa zaidi na serikali nyingi za kikoloni, kwa kuwa kukausha mji mzima kuna gharama kila mwaka, na kupima mji mzima kuna kazi isiyokwisha, lakini kuchora mstari katika ramani hakuhitaji ila kalamu na askari.

Huko Freetown, Sierra Leone, Waingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1904 walimaliza kujenga mtaa wa Wazungu juu ya kilima, ukaitwa Hill Station, pamoja na reli ya kuwapandisha jioni na kuwateremsha asubuhi kwenda kazini. Nchini Nigeria, sheria ya miji ya mwaka 1917 ilitaka eneo la Wazungu litengwe na la wenyeji kwa uwanda mtupu wa yadi 440, ikidhaniwa kwamba mbu hawezi kuuvuka. Mpaka ukawekwa, lakini aliyewekewa, kwa maneno yao, alikuwa mbu.

Kwa haki yao, Wajerumani wa Dar es Salaam walijaribu kwanza njia ya Koch. Kuanzia mwaka 1901, chini ya daktari Ollwig, wenyeji wa mji walipimwa damu, Waafrika wakiwamo, na waliokutwa na vimelea wakapewa kwinini. Sisemi kwamba nia ilikuwa upendo. Mwafrika alitibiwa ili asimwambukize Mzungu. Hata hivyo mtoto aliyepona alipona, na homa haimuulizi daktari nia yake. Lakini kazi ilikuwa nzito: watu waliingia na kutoka mjini kila siku, kwinini ni chungu, na mtu asiyejisikia mgonjwa haoni kwa nini ameze dawa. Njia hiyo haikuendelezwa ikawa mfumo wa kudumu wa mji.

Kilichodumu ni mstari. Kanuni za ujenzi za mwaka 1891 zilikuwa zimekwisha kutaka upande wa baharini zijengwe nyumba za mtindo wa Kizungu, na vibanda vya wenyeji viwe nyuma. Miaka ya mwisho kabla ya vita ya 1914, serikali ya Kijerumani ilianza kupanga mji wa Waafrika peke yake, mahali tunapopaita Kariakoo. Jina lenyewe lilikuja na vita. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukayageuza maneno hayo kuwa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, walio wengi kwa kuhara damu, homa ya mapafu na malaria kuliko kwa risasi. Kila ninapopita soko lile lenye kelele nakumbuka kwamba jina lake ni jina la watu waliouawa na upungufu wa chakula na dawa.

Waingereza hawakuufuta mstari wa Wajerumani, waliukaza. Ila walikuwa na tatizo la kisheria. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na sheria ya kutaja rangi waziwazi ingezusha malalamiko, hasa ya Wahindi. Basi kanuni hazikutaja mtu, zilitaja nyumba. Kanda ya kwanza iwe ya nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu, kanda ya pili ya maduka na makazi, kanda ya tatu ya nyumba za kienyeji. Mtu akiuliza, hujibiwa kwamba hakuna anayekatazwa kuishi popote, mradi ajenge nyumba inayotakiwa. Mshahara wa kujenga nyumba hiyo walikuwa nao akina nani, halikuwa swali la kanuni. Na kati ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha uwanda mtupu wa kuzuia maradhi yasivuke. Uwanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Tusidhani mambo haya yalikuwa ya Dar es Salaam tu. Tauni ilipoingia Cape Town mwaka 1901, maelfu ya Waafrika waliondolewa mjini wakapelekwa Uitvlugt, palipokuja kuitwa Ndabeni. Tauni ilipoonekana Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari. Mwaka 1913 profesa Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikashauri Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe kila mmoja kwa mtaa wake. Ugonjwa ulikuwa tofauti, tauni badala ya malaria, panya badala ya mbu, lakini dawa iliyoandikwa ilikuwa ileile. Mwalimu anayeona wanafunzi wake wanatoa jibu moja kwa maswali tofauti hujua kwamba jibu hilo walikuwa nalo kabla ya kusoma swali.

Kasoro ya fundisho hilo ilionekana nyuma ya kila nyumba ya Uzunguni. Mbu alikatazwa kuvuka Mnazi Mmoja, lakini mpishi, yaya, dobi na mtunza bustani waliruhusiwa, tena walijengewa vyumba uani. Mjomba wangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Kizungu huko Oyster Bay mwishoni mwa miaka ya 1950, nami nilipelekwa kumtembelea wakati wa likizo nikiwa mtoto wa miaka minane hivi. Nyumba kubwa ilikuwa na nyavu za waya madirishani. Chumba cha mjomba, hatua ishirini kutoka hapo, dirisha lake lilikuwa la mbao, na usiku mbu walituimbia hadi alfajiri. Nikamwuliza, "Mjomba, hawa mbu hawaendi kule kwa bwana?"

Akanijibu kwa utaratibu, "Wanakwenda, mjomba. Ila kule wakifika wanakuta wavu."

Sijapata kusoma maelezo mafupi kuliko hayo ya siasa ya afya ya wakati wa ukoloni. Mbu alikuwa yuleyule na hewa ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa wavu, na wavu ni kitu kinachonunuliwa. Wataalamu waliodai kwamba damu ya Mwafrika ndiyo hatari walikuwa na dawa rahisi mkononi, nayo ilikuwa kuweka wavu katika dirisha la mpishi. Wangemkinga yeye na mwajiri wake kwa pamoja.

Lakini utengano ulikuwa na tunda la pili lililo baya kuliko la kwanza. Palipotengwa palipimiwa kidogo, kisha upungufu ukahesabiwa kuwa tabia ya waliotengwa. Nyumbani kwetu tulichota maji katika bomba la mtaa, tukipanga madebe kabla ya jua kuchomoza, na choo kilikuwa cha shimo kilichotumiwa na vyumba sita vya wapangaji. Shuleni tulifundishwa somo la afya, tukakariri kwamba maradhi huletwa na uchafu, na kwamba mtu mstaarabu huoga kila siku. Ni kweli tupu. Lakini hakuna ukurasa uliotuambia kwamba usafi una bei, na kwamba debe moja la maji haliwezi kuogesha watoto watano, kupika ugali na kusafisha choo. Tukakua tukiona haya ya jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la bomba.

Je, watawala wa baadaye walirekebisha? Kidogo kabla ya Uhuru walianza. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali kubwa iliyopewa jina la Princess Margaret, ikachukua kazi ya hospitali ya zamani ya Sewa Haji. Ndiyo Muhimbili ya leo, na jina la Sewa Haji bado limeandikwa katika jengo mojawapo la wodi zake, jirani na Kibasila na Mwaisela. Wagonjwa wengi wanaolazwa humo hawajui kwamba Sewa Haji alikuwa mtu. Ila Mwalimu Nyerere alikumbusha katika miaka yake ya mwisho kwamba Waingereza walipoondoka baada ya miaka 43 waliacha madaktari 12 na wahandisi wawili. Jengo lilikuwapo, watu wa kulitumikia hawakuandaliwa.

Uhuru uliufuta mstari wa rangi, na sifa hiyo haina ubishi. Ocean Road haikuwa tena ya Wazungu. Mwaka 1996 iliundwa kwa sheria kuwa taasisi ya saratani, na leo mgonjwa wa saratani kutoka Kigoma au Mtwara hutibiwa mahali ambapo babu yake asingeweza kulazwa. Mnazi Mmoja, uwanda uliotengwa ili watu wasichanganyike, ukawa uwanja wa watu kuchanganyika. TANU ilizaliwa mwaka 1954 kando yake, katika mtaa unaoitwa Lumumba leo, ikafanya hapo mikutano, na baadaye mnara wa Mwenge wa Uhuru ukasimamishwa palepale.

Jitihada kubwa zaidi niliishuhudia kwa macho yangu. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu, iliendeshwa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu na maji. Mimi niliongoza kikundi kimoja kijijini. Kilichonigusa hakikuwa somo, maana somo lilifanana na lile nililokariri utotoni. Kilichonigusa ni kwamba baada ya kusikiliza tuliinuka na majembe tukachimba vyoo. Mama mmoja wa makamo aliniambia, "Mwalimu, miaka yote tumeambiwa tu wachafu. Leo ndiyo tunaulizwa tunahitaji nini." Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya kulaumu na kutibu.

Lakini bomba lina umri mrefu kuliko sheria. Sheria ya ubaguzi hufutwa kwa sahihi moja, na bomba lililozikwa ardhini hubaki lilipo, likiendelea kuhudumia mtaa uleule uliopendelewa na mtu aliyekwisha kufa zamani. Dar es Salaam imekua, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu, na mitaa iliyojengwa bila kupimwa imeizunguka ile iliyopimwa. Walio wengi bado wanategemea vyoo vya shimo. Na rangi ilipoondoka, mfuko ukaketi katika kiti chake. Kuchangia gharama za matibabu kulianza tena katika hospitali za serikali mwaka 1993, na hospitali za binafsi, zilizokuwa zimebanwa na sheria ya 1977, zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Sipingi kila jambo la mageuzi hayo, maana serikali isiyo na fedha haiponyi mtu. Nasema tu kwamba kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, hakikuwatafuta wenye visima na matangi. Kiliwafuata wapanga ndoo.

Shule niliyokuwa nikiisaidia baada ya kustaafu ilibandikiwa tangazo wakati wa mlipuko mmoja wa namna hiyo: nawa mikono kwa maji yanayotiririka. Bomba la shule lilikuwa kavu kwa wiki ya tatu. Watoto walilisoma tangazo kwa sauti, wakacheka. Kicheko kile hakikuwa cha utovu wa adabu. Walikuwa wameelewa upesi kuliko waliolibandika.

Mtu aweza kuuliza: kama bomba limezikwa mahali pasipo haki, tufanye nini? Jibu la kwanza ni kuhesabu kwa mitaa. Mji wa Chicago, Marekani, nao ulichorewa mistari. Miaka ya 1930 ramani za mikopo ya nyumba zilipaka wekundu mitaa ya watu weusi ili wasikopeshwe. Janga la UVIKO-19 lilipoingia, takwimu za mwanzo wa Aprili 2020 zilionyesha kwamba watu weusi, walio karibu asilimia 30 ya wakazi wa mji ule, walikuwa karibu asilimia 70 ya waliokufa. Takwimu zilipotangazwa, wakuu wa mji hawakuweza kusema ugonjwa hauna ubaguzi. Waliunda kikosi cha kushirikiana na vyama vya mitaa yenyewe, na mwaka 2021 wakaelekeza chanjo kwa makusudi katika mitaa 15 iliyoumia zaidi. Hayo hayakufuta miaka 90 ya mstari mwekundu. Lakini walianza pale pa kuanzia, yaani kuuliza ni nani anakufa na anaishi wapi, kisha kupeleka kikubwa kwenye msiba mkubwa.

Jibu la pili tulikwisha kulipata sisi wenyewe mwaka 1973: muulize mwenye shida, kisha mpe jembe, bomba na muda, si tangazo peke yake. Na jibu la tatu lilikuwapo tangu 1897 mezani kwa Ross. Kati ya dawa nyingi za janga lolote, ichaguliwe kwanza ile ambayo faida yake haiwezi kuzuiliwa mlangoni kwa mtu. Dimbwi lililofukiwa ni la namna hiyo, na mfereji uliozibuliwa, na maji safi yanayofika mtaa wa mwisho. Kuhamia mtaa mzuri, kununua tangi na kujifungia si dhambi, lakini huo si mpango wa afya wa mji. Ni Hill Station ya kila mwenye uwezo.

Walimu vijana huniuliza kwa nini niwasumbue wanafunzi na kanuni za ujenzi za Wajerumani. Huwaambia wawapeleke watoto na ramani ya mtaa wao, wawaache wachore kwa rangi nyumba zenye bomba na zisizo nalo, kisha chini yake waweke ramani ya kanda tatu za zamani. Waalimu wasiseme neno. Watoto wenyewe wataona mahali ambapo mistari imelingana na mahali ilipoachana, na watauliza nani aliichora. Wakiuliza hivyo, somo la historia limekwisha, na somo la uraia limeanza.